Kupunguza uzito na kuulinda kwa kupanda milima ya Bukavu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mkazi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hawezi kusema kwamba amekosa mahali pa kufanyia mazoezi. Mji wetu umekaa juu ya rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu na juu ya miinuko iliyo nyuma yake. Uso wa ziwa wenyewe uko kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ufukweni kwenda kwenye mitaa ya Kadutu au Bagira huwezi kukwepa kupanda. Hata hivyo wengi wetu tunanenepa, hasa sisi tunaokaa ofisini, dukani au nyuma ya meza ya sokoni tangu asubuhi hadi jioni, kisha pikipiki ikatuchukua mlangoni na kutushusha mlangoni. Mlima upo, lakini injini ndiyo inayoupanda.

Mimi nilifikia kilo 82 nikiwa na urefu wa mita 1.64. Nilipunguza uzito mara mbili, kila mara kwa juhudi kubwa ya miezi miwili au mitatu, na mara zote mbili ulirudi kabla mwaka haujaisha. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba kupunguza ni sehemu fupi ya kazi, na kwamba sehemu ndefu ni kukilinda kile kilichopungua, wiki baada ya wiki, katika mvua, katika matanga, katika miezi ya ada za shule ambapo akili haitulii. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya sehemu hiyo ndefu. Haumhusu mama anayebeba bidoni la lita 20 kutoka bombani mara nne kwa siku, wala kijana anayepandisha mizigo kwa mgongo kutoka bandarini. Hao miili yao inafanya kazi ya kutosha, na wanachohitaji ni chakula kizuri na mapumziko.

Hatua ya kwanza: jipime kabla ya kuanza

Pima uzito wako asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, ukiwa umevaa nguo nyepesi. Kama huna mizani nyumbani, kituo cha afya kilicho karibu kinayo, na baadhi ya maduka ya dawa pia. Kisha tafuta kile kipimo ambacho waganga wetu hukiita IMC: chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwangu ilikuwa 1.64 mara 1.64, yaani 2.69, na 82 ikigawanywa kwa 2.69 inatoa 30.5. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa kwa mtu mzima, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa.

Usikitegemee kipimo hicho peke yake. Kilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa takwimu na wa elimu ya nyota, wala si mganga. Alitaka kueleza umbo la watu wengi kwa pamoja, na hesabu yake haiwezi kutofautisha kilo ya msuli na kilo ya mafuta. Ndiyo sababu napenda zaidi utepe wa fundi cherehani. Simama wima, tafuta ubavu wa mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha utepe katikati ya hapo, toa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Kwa mtu wa mita 1.64, hiyo ni chini ya sentimita 82. Mafuta yanayokaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, na utepe huyaona mapema kuliko mizani.

Lengo la kwanza liwe dogo. Katika utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari walielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa haraka, na idadi ya waliopata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo. Asilimia 7 ya kilo 82 ni chini ya kilo 6. Huna haja ya kurudi kwenye uzito uliokuwa nao siku ya harusi ili moyo wako upate nafuu.

Kabla ya kuanza, nenda kwanza kwa mganga kama kifua hukubana unapopanda, kama umewahi kuzimia au kuona kizunguzungu ukiwa katika kazi, kama unatumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, kama goti limevimba, au kama una mimba au umejifungua karibuni. Dawa za kisukari hasa zinaweza kuhitaji kupunguzwa mtu anapoanza kutembea sana, kwa sababu sukari ya damu inaweza kushuka mno. Na yule ambaye uzito wake unapungua wenyewe, bila mazoezi na bila kubadilisha chakula, asifurahi: aende akapimwe kifua kikuu, kisukari na mengineyo.

Hatua ya pili: fahamu mazoezi yanaweza nini na hayawezi nini

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo tufanye hesabu kwa uwazi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya kilokalori zipatazo 7,700. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita moja ya tambarare hutumia takriban kilokalori 60 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Akipanda mita 100 kwenda juu, huongeza nyingine zipatazo 75. Kwa hiyo safari ya kilomita mbili yenye mlima wa mita 100 ndani yake inamgharimu karibu kilokalori 200. Akiifanya mara tano kwa wiki, kwa wiki nane, atakuwa ametumia 8,000, yaani kilo moja na kidogo tu, ikiwa hatakula zaidi ya kawaida.

Kilo moja kwa miezi miwili! Aliyetegemea kilo tano ataona amedanganywa na ataacha. Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Mtu aliyekwisha kupungua, kwa chakula na kwa mwendo pamoja, ana mwili mdogo unaotumia nishati kidogo kuliko zamani, na wakati huohuo njaa yake imeongezeka, kwa sababu mwili hutafsiri kupungua kama dhiki na hujitahidi kurudisha kilichopotea. Pengo hilo la kila siku, ambalo huenda ni la kilokalori mia mbili au mia tatu, ndilo linalorudisha uzito polepole bila mwenyewe kujua, na ndilo ambalo safari ya mlimani inaweza kulifunika. Nchini Marekani kuna orodha iliyoanzishwa mwaka 1994 inayowafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Walio wengi humo hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kila siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea.

Chakula basi ndicho kinachopunguza kwa haraka, na mazoezi ndiyo yanayolinda. Aliyeshika hilo hatayadai mazoezi kitu yasichokiweza.

Hatua ya tatu: chagua mlima ulio kwenye njia yako

Mara mbili za kwanza nilianza kwa kuamka alfajiri na kukimbia kando ya ziwa kuelekea Muhumba. Ni njia nzuri, hewa ni safi, lakini ilikuwa safari ya ziada: ilinibidi niitafutie muda, nguo, na moyo wa kutoka kitandani. Wiki moja ya homa ilitosha kuikatiza. Mara ya tatu sikutafuta muda mpya. Nilitazama siku yangu jinsi ilivyo, nikauliza ni wapi ambapo pikipiki inanibeba juu ya mlima ambao miguu yangu ingeuweza, na jibu likawa jioni, kutoka Nyawera hadi nyumbani Kadutu.

Fanya vivyo hivyo. Andika safari zako zote za wiki: kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kumchukua mtoto shuleni, kumsalimia mzazi. Chagua moja inayojirudia angalau mara nne kwa wiki na yenye sehemu ya kupanda. Kama nyumba iko mbali, shuka kwenye pikipiki chini ya mlima wa mwisho na umalizie kwa miguu. Nauli unayookoa ni ndogo, lakini ukiiweka kwenye kopo utaona mwisho wa mwezi kwamba si kitu cha kudharau, na mimi kopo hilo ndilo lililoninunulia viatu.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningelitia wino mzito kama ningeweza. Watu wengi wa mji huu huteremka kwa miguu asubuhi na kupanda kwa pikipiki jioni, kwa sababu kuteremka ni rahisi kwa pumzi. Kwa anayeanza, geuza: panda kwa miguu, teremka kwa pikipiki, angalau kwa wiki mbili za mwanzo. Unapoteremka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi huku ukivutwa na kurefuka, kama kamba inayozuia mzigo usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayouchana msuli usioizoea na kuleta yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, ambayo humfanya mtu ashike ukuta akitaka kuketi. Tena magoti hupokea kishindo cha uzito wote. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, lakini kunayahurumia magoti, na kunatumia nishati nyingi zaidi.

Kupanda nako kuna namna yake. Fupisha hatua kuliko kwenye tambarare, weka wayo wote chini badala ya kupanda kwa vidole, na uinamie mbele kidogo kuanzia kwenye kifundo cha mguu, si kwa kuvunja kiuno. Usisukume magoti kwa mikono, maana kifua hujikunja na pumzi haiingii vizuri. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kumjibu anayekusalimia kwa sentensi nzima, lakini usingeweza kuimba wimbo. Ukiweza kuimba, kaza kidogo, na ukishindwa hata kusema "jambo, mama", punguza mwendo bila kusimama, hadi pumzi irudi. Anayetoka Uvira, ambako Tanganyika iko karibu mita 700 chini yetu, au anayetoka Kinshasa, atahisi pumzi fupi katika siku zake za mwanzo hapa. Si ugonjwa, ni hewa ya juu, na mwili huizoea.

Wiki ya tatu, anza kuteremka kwa miguu mara moja moja, kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo muda wote, ukikata njia kwa mshazari pale mteremko unapokuwa mkali.

Kuhusu viatu, soko la Kadutu lina vya mtumba vya kutosha. Kikunje kiatu kwa mikono miwili: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo. Tazama meno ya soli, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na kiatu ambacho soli yake imelainika kitakuangusha hata kama kinapendeza. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi.

Hatua ya nne: ongeza kidogo kidogo hadi ufike

Shirika la Afya Duniani, ambalo hapa tunalijua kwa jina la OMS, lilipotoa upya mwongozo wake mwaka 2020 lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na kukaza misuli angalau siku mbili. Mwongozo huo uliondoa pia sharti la zamani lililosema kwamba zoezi halihesabiwi lisipofika dakika kumi mfululizo. Kwa mji wa milima hiyo ni habari njema, kwa kuwa ngazi za dakika nne kutoka barabarani hadi nyumbani nazo zinahesabiwa.

Wiki ya kwanza na ya pili, panda dakika kumi kwa siku nne. Wiki ya tatu, dakika kumi na tano. Kisha ongeza dakika tatu au nne kwa kila safari kila wiki, na siku ya tano utakapoona mwili unaidai wenyewe. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu utakuwa umekaribia dakika 150. Hizo zinatosha kwa afya kwa jumla, lakini aliyepunguza uzito na anataka usirudi atahitaji zaidi, karibu dakika 200 hadi 300, na hapo ndipo safari ya pili ya siku inapoingia, au matembezi marefu ya Jumapili mchana baada ya ibada.

Usipande kabla hakujapambazuka. Tuko zaidi kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Saa za mazoezi ni zile ambazo njia ina mwanga na ina watu. Kwa hali ya usalama ya mji, tembea na mwenzako, beba kitambulisho, acha simu mfukoni na masikio wazi. Mwenzako ana faida nyingine kubwa zaidi: siku ambayo wewe huna moyo, yeye atakuwa amesimama kwenye kona akikusubiri.

Hatua ya tano: kaza misuli kwa bidoni

Mtu anayepunguza uzito bila kukaza misuli hupoteza mafuta na misuli pamoja, na msuli ukipotea, nishati inayotumiwa na mwili hata ukiwa umelala hupungua. Huhitaji kulipia ukumbi. Bidoni la lita tano lililojaa maji ni kilo tano kamili, na ukijaza nusu una kilo mbili na nusu.

Mara mbili kwa wiki, kwa dakika ishirini, fanya haya kwa mzunguko wa mara tatu: keti na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, sukuma ukuta kwa mikono ukiwa umesimama hatua moja na nusu kutoka ukutani, mara kumi, panda na kushuka ngazi moja ya mlangoni, mara kumi kwa kila mguu, kisha shika bidoni moja kwa kila mkono, mabega nyuma, utembee uani kwa dakika moja. Mwezi wa pili, keti na kuinuka ukiwa umekumbatia bidoni kifuani. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waongeze kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwa sababu kwao kuanguka ni hatari kubwa kuliko uzito.

Hatua ya sita: uwe na mpango wa mvua

Hapa mvua inanyesha tangu Septemba hadi Mei, na kiangazi chetu halisi ni Juni, Julai na Agosti. Mpango wa mazoezi unaofaa kwa kiangazi tu ni mpango wa robo mwaka. Siku ya mvua kubwa usipite kwenye vijia vya ukingo wa bonde wala chini ya kuta za udongo, maana mmomonyoko unajulikana na umekwisha kubomoa nyumba. Baki ndani, weka muziki, ucheze rumba au nyimbo za kwaya kwa dakika ishirini bila kuketi, au panda na kushuka ngazi za nyumba kama zipo. Hicho ni kipimo kamili cha mazoezi, wala si kitu cha kuzibia nafasi tu. Baada ya mvua, chukua njia ya lami hata kama ni ndefu.

Hatua ya saba: sahani

Sitasema mengi, kwa kuwa tunazungumzia mazoezi, lakini mlima hauwezi kushindana na chungu. Chupa kubwa ya bia ina kilokalori karibu 300, yaani safari moja na nusu ya ile tuliyoihesabu juu, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo si maji. Chupa ndogo ya kinywaji kitamu ni kilokalori 140 hivi za sukari tupu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese ni 120, na sombe yetu ya nyumbani, yaani majani ya muhogo, huweza kumeza vijiko vingi bila kuonekana, kwa hiyo yapime mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa. Bugali usiuache, lakini uupunguze: uchukue robo ya sahani, mboga kama lengalenga zichukue nusu, na robo iliyobaki iwe maharagi au sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kuchemsha badala ya wa kukaanga. Usilale njaa, na usiruke chakula cha mchana kwa tamaa ya kupungua haraka, kwa kuwa jioni utalipa mara mbili.

Hatua ya nane: jiandae kwa maneno ya watu

Nilipofikia kilo 76, jirani yangu, mama mzima ambaye namheshimu, alinisimamisha njiani akanishika mkono.

"Mama, siku hizi umekonda sana. Ni ugonjwa ao ni mawazo?"

"Hapana, mama. Ni mlima tu. Ninapanda kwa miguu."

"Kwani pesa ya moto, ya pikipiki, imekosa?"

Hakuwa na ubaya. Katika mji huu unene umekuwa kwa muda mrefu ushahidi kwamba mtu anakula na ana amani, na kukonda kumekuwa habari ya maradhi, ya njaa au ya ndoa yenye matatizo. Tumeona mengi mno kudharau hofu hiyo. Lakini inawarudisha wengi nyuma, wanawake hasa, na mume anaweza kukasirika kwa kuogopa kwamba familia itadhani hamlishi mkewe. Mweleze mwenzio kabla hujaanza, mwonyeshe utepe na zile sentimita, na kama shinikizo la damu lilikuwa juu, mwonyeshe namba za kituo cha afya za mwezi wa kwanza na za mwezi wa nne. Yule mama jirani nilimwalika. Sasa tunapanda pamoja siku za Jumanne na Alhamisi, yeye akiongoza, kwa sababu anajua njia zote za mkato za Kadutu.

Hatua ya tisa: uzito ukisimama, na ukianza kurudi

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, uandike kwenye daftari. Usijipime kila siku kama inakuvunja moyo: chumvi, maji na siku za mwezi vinaweza kusogeza mizani kwa kilo moja au mbili bila mafuta kubadilika hata gramu. Kiuno kipime mara moja kwa mwezi.

Karibu na mwezi wa tatu au wa nne uzito husimama. Mtu wa kilo 76 anapopanda mlima uleule anabeba kilo sita pungufu, kwa hiyo safari ile imekuwa rahisi na inatumia nishati kidogo. Usikasirike wala usijinyime chakula. Ongeza dakika kumi kwa safari mbili za wiki, au chagua mlima mrefu zaidi, au beba mfuko wa soko mgongoni badala ya kumpa mchukuzi. Kama baada ya wiki sita bado uko palepale na kiuno kiko chini ya nusu ya urefu wako, huenda umefika, na kazi iliyobaki ni kukaa hapo.

Jiwekee mpaka wa kilo mbili. Uzito uliofika uuandike kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na siku mizani itakapozidi kilo mbili juu yake kwa wiki mbili mfululizo, rudi kwenye ratiba ya mwezi wa pili siku hiyohiyo, kabla hazijawa tano. Mimi nilishindwa mara mbili kwa sababu nilisubiri hadi nguo zinibane.

Na vipindi vya kukatika vitakuja: malaria, msiba wa siku nyingi, safari, siku ambazo mji haupitiki. Kwa kila wiki moja uliyokosa, rudi kwa nusu ya muda uliokuwa umefikia, kwa siku tatu, kisha robo tatu kwa siku tatu nyingine, ndipo urudi kwenye muda kamili. Aliyetoka kwenye homa asipande hadi awe amepitisha siku mbili bila joto na anakula vizuri, na siku ya kwanza atembee kwenye tambarare kando ya ziwa tu, dakika kumi, akiwa na mtu na chupa ya maji.